Nilidhani nimenawiri, kumbe ni predi

Mwaka juzi nilinenepa, na Kigoma mtu akinenepa anapewa hongera. Wenzangu wauza dagaa sokoni Mwanga walisema biashara imenikubali. Shangazi yangu wa Ujiji aliniita uani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna mgeni tumboni?" Hakukuwa na mgeni. Kulikuwa na prednisoloni, zile tunazoziita predi, vidonge viwili kila asubuhi kwa miezi minne, na hakuna daktari aliyekuwa anajua.

Pumu ninayo tangu utoto. Moshi wa kuchemshia chikichi tu unatosha kunibana. Usiku mmoja ilinibana nikashindwa kumaliza sentensi, nikakimbizwa hospitali, nikapewa mvuke, na asubuhi nikarudi nyumbani na predi za 5 mg. Nimeze vinane kwa mara moja, asubuhi, baada ya kula, kwa siku tano, halafu basi. Siku ya pili kifua kilikuwa kimefunguka kama mtu aliyetoa gunia mgongoni. Hata goti langu la zamani liliacha kuuma.

Sasa mwambie mtu wa hivyo aache! Kikohozi kiliporudi nilikwenda duka la dawa na ganda tupu la vidonge. Kijana wa pale alilisoma, akanihesabia vingine, wala hakuomba cheti. Sina ugomvi naye, mimi ndiye niliyejifanya daktari. Nikawa nameza viwili na uji kila siku, kama mtu anavyoweka sukari kwenye chai.

Mwezi wa kumi na mbili nikapanda boti Ujiji kwenda kusini, upande wa Kalya, kutafuta dagaa wa bei nzuri. Predi nikazisahau kwenye droo. Siku ya tatu miguu ikaisha nguvu, tumbo likakata, nikatapika, na kila nikisimama dunia inazunguka. Kila mtu akasema malaria, maana kwetu homa au isiwe homa, jibu ni malaria. Kipimo kikaonyesha hakuna.

Kwenye kituo cha afya nilimkuta tabibu kijana sana, hata nikamdharau kidogo. Alitazama mashavu yangu yalivyojaa, akashika mkono wangu ulivyo mwembamba, akapima presha: 80 kwa 50, iko chini mno.
"Mama, unatumia dawa gani?"
"Situmii dawa."
"Hata ya pumu?"
"Aa, ile. Predi kidogo tu."
Akaacha kuandika. Nikawekewa dripu na sindano ya haidrokotizoni, dawa ya ukoo mmoja na predi. Jioni nilikaa mwenyewe nikaomba ugali.

Alinieleza hivi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, inaitwa adrenali. Ndiyo inayotengeneza kotisoli, homoni inayotushikia presha na sukari na kutubeba tukiugua. Predi ni kotisoli ya kiwandani. Ukiimeza siku tano, tezi haina habari. Ukiimeza wiki nyingi, tezi inaona kazi inafanywa na mwingine, inalala. Siku ukikata ghafla, ya kiwandani hakuna na ya mwilini haijaamka. Kwa hiyo anayeitumia zaidi ya wiki tatu hivi hashushwi kwa siku moja, anashushwa ngazi kwa ngazi. Mimi nilishushwa kwa miezi mitatu, daktari akinipima. Ratiba yangu siiandiki hapa kwa makusudi, usije ukainakili.

Dawa yenyewe sitaitukana. Mwaka 1948 Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma kotisoni, ndugu yake predi, mama mwenye baridi yabisi aliyekuwa hatembei vizuri, na baada ya siku chache akawa anatembea. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1950. Ila walishaona kwamba sindano zikikatwa ugonjwa unarudi, na zikiendelea sana zinaleta madhara yake. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza ukaonyesha deksamethasoni, nayo ya ukoo huo huo, 6 mg kwa siku, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Dawa ile ile, ugonjwa ule ule.

Na hiyo deksamethasoni ndiyo "deksa" wanayomeza mabinti ili wanenepe kabla ya harusi. Dada zangu, udogo wa kidonge usiwadanganye: nusu miligramu ya deksa ina nguvu kama miligramu tatu na kitu za predi. Unachopata ni maji, na mafuta usoni, shingoni na tumboni, huku misuli ya mikono na mapaja inaliwa. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, na homa ambayo ingekustua inafichwa. Mimi sukari yangu ilikutwa juu, ikashuka baadaye. Si kila mtu inamshukia.

Ukiandikiwa, meza asubuhi na chakula. Usiku itakunyima usingizi, nami nililala macho wiki nzima nikidhani ni mawazo ya mkopo. Usichanganye na diklofenaki, zile za maumivu za kununua dukani, tumbo linaweza kupata vidonda. Ulizia ni siku ngapi na uandike tarehe ya mwisho kwenye bahasha. Ukiwa umeshaitumia wiki nyingi kwa siri kama mimi, usikimbilie kuitupa baada ya kusoma haya. Endelea nayo, na kesho nenda hospitali ukaseme ukweli wote, hata kama utagombezwa. Mimi niligombezwa.

Pumu yangu sasa naituliza kwa pampu mbili. Ya bluu ni ya kunifungua nikibanwa. Ya kahawia ni ya kila siku, nayo ina dawa ya ukoo huo huo wa predi, ila inapimwa kwa mikrogramu na inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Nikishavuta nasukutua mdomo na kutema maji, nisipate utando mweupe ulimini.

Uso umerudi. Wenzangu sokoni wanasema nimekonda, biashara itakuwa imenishinda. Shangazi ameacha kuuliza habari za mgeni. Wiki ijayo nakwenda tena Kalya. Pampu zote mbili ziko kwenye mfuko wa kiunoni, na nyuma ya simu nimebandika karatasi: jina la kila dawa, kiasi, na kwamba nimewahi kutumia predi miezi minne.