Nani anaandika muhtasari wa kikao kwenye timu yenu?

Ukitaka kujua timu ya kutengeneza programu za kompyuta inawachukuliaje wanawake, acha sera iliyobandikwa ukutani. Chukua orodha ya kazi za miezi 3 iliyopita, fungua jedwali la Excel, uandike nani alifanya nini. Nani aliandika mihtasari, nani alimpokea mgeni, nani alirekebisha rangi za kurasa? Nani alijenga mfumo wa malipo, nani alihamisha hifadhidata? Mara nyingi yale ya mwanzo yamewaangukia akina dada, na haya ya mwisho, yanayotajwa siku ya kupandishana vyeo, yamekwenda kwa akina kaka.

Hakuna aliyekaa akapanga hivyo. Kikao cha Jumatatu kinaanza, kiongozi anauliza, "Nani atatuandikia leo?" Kimya. Macho yanamgeukia dada mwenye daftari, naye anakubali, maana akikataa ataambiwa ana kiburi. Baada ya wiki chache imeshakuwa kazi yake, na anayeandika hapati nafasi ya kubishana. Kumwambia ajifunze kukataa ni kumtwisha mzigo wa pili. Kiongozi ndiye aache kuuliza. Wekeni zamu kwa alfabeti ya majina, iingie kwenye kalenda, na imfikie hata kiongozi mwenyewe. Asiyekuwepo abadilishane na anayemfuata, la sivyo zamu itarudi kimyakimya kwa yuleyule.

Kazi nzito nazo ziwe na zamu: kila robo mwaka, kila mhandisi apate angalau moja inayogusa seva, usalama au malipo, na mzoefu wa kumuuliza akikwama. Hapa huruma huharibu sana. Mtu anaondolewa kwenye zamu ya usiku "kwa usalama wake" au kwa kuwa ana mtoto mchanga, bila kuulizwa, halafu mwakani anaambiwa hana uzoefu wa mfumo ukianguka. Mpeni bando afanyie kazi nyumbani, lipieni teksi inapobidi kufika ofisini, na iwe hivyo kwa wote.

Kwenye usaili, maswali yawe yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila msaili aandike alama, 1 hadi 5, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Bosi akitangulia kusema, wengine watazifuta alama zao. "Anaonekana mpole mno" si alama. Msaili aonyeshe jibu lililokosewa.

Wala msidhani mashine itawaamulia kwa haki. Amazon waliunda programu ya kuchuja wasifu, wakaifundisha kwa wasifu wa waombaji wa miaka 10, wengi wao wanaume. Ikajifunza kushusha alama za wasifu uliotaja wanawake, hata klabu ya sataranji ya wanawake. Ilikuwa imeshaachwa habari zake zilipotoka mwaka 2018.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Kinachoharibika ni ratiba: maamuzi ya mfumo yanafanyika saa hizohizo, akirudi anapewa ya kutekeleza tu. Zifungeni saa zake kwenye kalenda ya timu, kikao chochote kisiguse hapo. Anayekamua maziwa ofisini apewe chumba chenye komeo, kiti, soketi na friji karibu. Choo hakifai.