Kabla ya kulipia IELTS, kiulize chuo kwanza

Ndugu uliyeuliza kama ulipie IELTS, mtihani wa Kiingereza unaodaiwa na vyuo vya nje, sasa au usubiri majibu ya chuo, ushauri wangu ni usubiri. Nimepita njia hiyo nikitokea Songea, nikiwa na shahada ya hapa nyumbani.

Ada ya mtihani inazidi dola 200, na shilingi inaposhuka inakuwa nzito zaidi, lakini ada ni sehemu tu ya gharama. Kuna nauli ya basi hadi Dar es Salaam na kurudi, kuna gesti, na kwangu mimi, niliyekuwa nikifundisha kwa mkataba, siku nisizoingia darasani hazikulipwa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba vyuo vingi huyakubali matokeo kwa miaka 2 tu. Ufadhili wangu ulichelewa, matokeo yakapitwa na muda, nami nikatakiwa kufanya mtihani upya, kana kwamba Kiingereza nilichosomea tangu kidato cha kwanza hadi kuandika tasnifu kilikuwa kimenitoka. Nikalipa tena.

Hasara hii si ya mtu mmoja, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha hizo huishia nje ya nchi. Uingereza ina orodha ya mataifa ambayo raia wake hawadaiwi uthibitisho wa Kiingereza wanapoomba viza ya masomo. Jamaika, Malta na Guyana zimo, lakini hakuna hata nchi moja ya Afrika. Wakati huohuo Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutahini Kiingereza cha kidato cha nne kila mwaka kwa gharama ambayo tumekwisha kuibeba. Naamini kwa dhati kwamba NECTA na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) zinapaswa kuvifuata vyuo vya nje na kudai alama hizo zitambuliwe.

Kwa sasa, iandikie ofisi ya udahili uulize kama inapokea barua ya msajili wa chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo vingi vya Uingereza vinaruhusiwa kupima vyenyewe Kiingereza cha mwombaji wa shahada, na mimi chuo cha pili nilichoomba kiliikubali barua hiyo bila mtihani wowote. Ukilazimika kufanya TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza, taja mapema vyuo 4 vitakavyopelekewa matokeo bila malipo, kwa kuwa vya baadaye hulipiwa kimoja kimoja. Na mtihani wowote utakaoufanya, chagua tarehe iliyo karibu na mwisho wa maombi, ili ile miaka 2 isianze kuhesabiwa ungali unatafuta mfadhili.