Sherehe ya anga za juu: anzia sokoni

Dada, hongera kwa mwanao kutimiza miaka 7. Umeuliza utafanyaje sherehe ya anga za juu hapa Dodoma bila mapambo ya gharama. Mimi ningeanzia soko la Majengo: zabibu na tikiti maji. Zabibu kubwa ya sentimita 2 ndiyo Dunia. Punje ya choroko ndiyo Mwezi, iweke sentimita 60 kutoka kwenye zabibu. Watoto wengi hudhani viko karibu zaidi. Mshtarii (Jupita), sayari kubwa kuliko zote, ni tikiti la kama sentimita 22. Wakimaliza kuzipanga, wazile sayari zao! Wadogo wakatie zabibu kwa urefu zisije zikawakaba. Keki ya kawaida inatosha. Anzeni saa kumi na moja jioni; giza likiingia zimeni taa za uani, muwaonyeshe nyota.