Kuwafundisha wanafunzi sifa za insha nzuri

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na wanafunzi wa kidato cha pili wanaojaza insha methali walizokariri huku hoja zikipotea. Nakusihi usianze kwa kuandika ubaoni orodha ya sifa za insha bora, kwani nayo wataikariri. Chukua aya ya mwanafunzi mmoja bila kumtaja jina, uisome kwa sauti, kisha uliulize darasa ni sentensi ipi inayobeba hoja na ipi ikifutwa hakuna kitakachopungua. "Maji ni uhai, na penye nia pana njia" itaanguka yenyewe. Mahali pake waeleze nani huchota maji, kisima kipi, saa ngapi. Tahajia na uakifishaji visubiri rasimu ya pili, maana daftari lililojaa wino mwekundu tangu mwanzo humvunja mtoto moyo kabla hajajua anachotaka kusema.