Jibu: Mpwa wangu ana MS, je, ni virusi vya mate?

Dada wa Shela, pole kwa mpwa wako. Umeuliza kama virusi vya Epstein-Barr ndivyo vilivyomletea MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva), na kama watoto waendelee kula naye sinia moja.

Waache wale. Virusi hivyo hupitia mate, kweli, lakini zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani tayari wanavyo. Hao wazee wanaopokezana vikombe vya kahawa barazani kwenu, karibu wote. MS yenyewe haiambukizi. Ni kinga ya mwili kuvamia ala, yaani utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo.

Uhusiano upo, tena mkubwa. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10: hatari ya MS ilipanda mara 32 baada ya kuambukizwa Epstein-Barr. Virusi vya sitomegalo, navyo vya mate, havikuonyesha hivyo. Ila wengi mno wana Epstein-Barr na hawaugui MS, kwa hiyo vinasaba, sigara na upungufu wa vitamini D navyo vimo.

Chanjo ya Epstein-Barr bado. Dawa za MS zipo, na jicho likififia ghafla au mguu ukifa ganzi, arudi kwa daktari wa neva upesi, habasoda baadaye.