Usikimbilie lenzi ya milimita 4

Ndugu, umesema darubini yako ina kioo cha milimita 130 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 650, imekuja na lenzi za jicho, zile za kuchungulia, za milimita 25 na 10, na sasa unataka ya milimita 4 ili uione sayari ya Zohali ikiwa kubwa. Ngoja kwanza.

Gawanya 650 kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi. Ya 25 inakuza mara 26, ya 10 mara 65, hiyo ya 4 mara 162 na ushee. Kwenye karatasi inapendeza. Mimi nilinunua ya bei chee, nikaona Zohali inacheza kama jiwe chini ya maji ya mto. Tundu la kuchungulia lilikuwa dogo hata kope zikawa zinagusa kioo. Ukivaa miwani ndiyo kabisa.

Chukua ya milimita 6 yenye uwanja mpana wa kuonea, nyuzi 60 na kitu. Mara 108 hivi, pete zinaonekana zimeachana na sayari, na usiku mwingi hewa inatulia vya kutosha. Baadaye, hela ikipatikana, ongeza ya 32 kwa ajili ya Kilimia. Kundi zima la nyota linaingia kwa mtazamo mmoja.

Hakikisha shingo ya lenzi, ile sehemu inayoingia kwenye darubini, ni inchi 1.25.

Halafu, usilenge juu ya paa la bati lililopigwa jua mchana kutwa; joto lake linatikisa hewa. Itoe darubini nje nusu saa kabla, ipoe. Huenda hata hiyo ya 10 ukaona inatosha.