Maswali na Majibu: Alama 70 za Baiolojia Zinapima Nini?

Nina wanafunzi zaidi ya 300 wa mwaka wa kwanza. Maswali ya kuchagua yanaweza kupima uelewa, au ni kukariri tu? (Mhadhiri msaidizi, Morogoro)

Yanaweza, ukikubali kuumiza kichwa juu ya majibu yasiyo sahihi. Uliza: sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mwembe imetoka wapi? Weka udongo, maji, mwanga wa jua na hewa ya ukaa. Jibu ni hewa ya ukaa. Anayechagua udongo bado anaamini mmea unakula ardhi. Anayechagua jua hajatenganisha nishati na maada. Wako wanaoandika mlinganyo wa usanisinuru bila kukosea namba hata moja, kisha wanachagua udongo!

Mwaka 1995 watafiti Odom na Barrow walichapisha jaribio la difyusheni na osmosisi (kusambaa kwa chembe, na kupita kwa maji kwenye utando) ambamo kila swali lina ngazi mbili: jibu, halafu sababu ya jibu hilo. Igeni mtindo huo. Aliyepatia jibu kwa sababu potofu amebahatisha, na kompyuta inasahihisha ngazi zote mbili bila kuchoka.

Wastani wa darasa ni 62. Niandike kwenye ripoti kwamba malengo ya kozi yamefikiwa?

Hapana. Mtu anaweza kuvuna alama zote za muundo wa seli, akapata sifuri kwenye jenetiki, na wastani ukamsitiri. Kabla ya mtihani, panga kila swali chini ya lengo lake. Baada ya kusahihisha, hesabu waliofikia kila lengo. Ukikuta lengo halina swali hata moja, shughulika na hilo kwanza. Na zile alama za mahudhurio mnazopenda kuzitia kwenye kosiweki, ziondoe kwenye hesabu hii. Kukaa kwenye kiti si baiolojia.

Mtihani wa mwisho utatoka mada zipi? (Mwanafunzi)

Soma muhtasari wa kozi. Swali hili silijibu tena.

Lengo langu linasema “mwanafunzi aelewe meiosisi”, yaani mgawanyiko wa seli unaozaa gameti (seli za uzazi). Mkuu wa idara amelirudisha. Kosa liko wapi?

Kuelewa huko utakuonaje? Andika: achore seli yenye kromosomu 4 katika metafezi ya kwanza (hatua ambapo jozi za kromosomu hujipanga katikati ya seli), kisha atabiri gameti zitakazopatikana jozi moja isipotengana. Jibu ni gameti zenye kromosomu 3 na zenye 1, na hapo hakuna cha kukariri. Lakini usikimbilie orodha ya Bloom, ile ya vitenzi vya kuandikia malengo ya kujifunza, ukadhani umemaliza. Nimechoka kuona “achanganue” kwenye lengo na “taja hatua nne za mitosisi” kwenye mtihani.

Jaribio la wiki ya kwanza nilitolee alama?

Za kushiriki tu, si za usahihi. Hapo unapima walichokuja nacho, hujawafundisha bado. Rudia maswali yaleyale mwisho wa muhula ulinganishe. Karatasi zikusanye zote. Zikishafika kwenye kundi la WhatsApp zinageuka desa, na muhula ujao utakuwa unapima nani ana bando.

Mwaka huu karibu darasa zima limefaulu, sapu (mitihani ya marudio) ni chache mno. Nifurahi?

Niambie kwanza kama mtihani ulikuwa mpya, au ni ule wa mwaka juzi uliobadilishwa tarehe.